Aliyekaa Kabla ya Wageni Kufika

Mama alipoingia sebuleni kumwambia binti yake akae, alimkuta ameshakaa.

Alikuwa kwenye kiti cha karibu na dirisha, kile ambacho mbele yake kuna meza ndefu inayoficha kila kitu kuanzia magotini kwenda chini. Gauni lilikuwa refu, na kitambaa cha meza kirefu vilevile. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na nusu. Wageni walikuwa wa saa kumi.

"Umeshakaa?" Mama aliuliza.

"Nimeshakaa."

"Mapema yote hii?"

"Bora mapema, mama. Wageni wengine hawana saa."

Mama akabaki amesimama na kitambaa cha vumbi mkononi, kama mtu aliyebeba mzigo kutoka mbali akakuta mwenyeji hauhitaji. Tangu asubuhi alikuwa akiitafutafuta namna ya kulisema jambo hilo kwa upole. Sasa halikuwa na kazi tena. Akakivuta kitambaa cha meza upande wa kushoto, kikashuka kidogo zaidi, akarudi jikoni.

Kazini walimwita Sauti. Jina hilo alipewa na watu waliopiga simu hospitali, wakasikia "Karibu, nikuunganishe na nani?" wakasahau kwa muda kilichowafanya wapige. Wengine walikuja na maua wakitaka kumwona mwenye sauti hiyo. Aliwajibu kwa simu ya ndani, kutoka kwenye chumba chake kisicho na dirisha: "Asante sana. Niachie hapo mapokezi." Alikuwa na umri wa miaka thelathini na moja, na kazi hiyo aliichagua kwa sababu moja tu. Ilikuwa kazi ya kukaa.

Alipokuwa na miaka sita alianguka ukutani, mfupa wa paja la kushoto ukaungwa vibaya. Mguu mmoja ukaendelea kukua, mwingine ukabaki nyuma kwa upana wa vidole vitatu. Hakuna aliyemtukana kwa hilo. Nyumbani kwao hata neno lenyewe halikutajwa, na pengine ndiyo sababu lilikua mpaka likajaa vyumba vyote.

Miaka minne iliyopita alimwendea fundi viatu mwenye kibanda cha bati nyuma ya ukuta wa hospitali. Alimkuta ameinamia soli, msharasi wa kutobolea ngozi mkononi na uzi mdomoni.

"Nataka kiatu ambacho mtu hatajua," alimwambia.

"Mtu gani?"

"Mtu yeyote."

Fundi akautoa uzi mdomoni. "Dada, nikiinua soli kwa nje, utakaa sawa na kiuno kitapumzika. Nikiinua kwa ndani, kisigino kitaning'inia huko juu na vidole vitabanwa huko chini. Utaumia."

"Nibane."

Fundi akatandika gazeti chini na kumwomba mguu. Alikishika kile kisigino kwa kiganja chenye rangi nyeusi ya kupaka viatu, akakipima kwa uzi, taratibu, bila kukikimbia na bila kukihurumia. Madaktari tu ndio waliowahi kuugusa mguu ule. Sauti aliangalia juu, kwenye matundu ya bati, moyo ukimwenda kama mtu anayepanda ngazi.

Mabuti yale mawili mafupi yalikuwa kazi ya ajabu. Ndani ya la kushoto sasa kulikuwa na matabaka tisa ya ngozi yaliyogandishwa moja juu ya jingine. Kwa nje yalifanana kama mapacha. Na hayakuharibika! Miezi ilipita, hayakuachia wala kuchanika, naye akakosa sababu ya kurudi. Ndipo akaanza kufumua uzi mwenyewe, usiku mmoja mishono miwili, usiku mwingine mitatu, kwa wembe.

"Uzi huu umekatika tena," alisema akikiweka kiatu mezani.

"Naona," Fundi alijibu. Kisha, mara ya tano au ya sita, akaongeza bila kuinua macho: "Uzi uliochakaa huwa na manyoya, dada. Huu umekatwa safi. Ungeniambia tu unakuja kunisalimia, ngozi isingeteseka."

Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Fundi akacheka, naye akacheka, na tangu siku hiyo alikuja bila kisingizio cha kiatu.

Leo Fundi alikuwa anakuja na shangazi yake. Mama yake alifariki yeye Fundi akiwa mchanga. Shangazi ndiye aliyemlea, na neno lake halikuwa na rufaa. "Akisema ndiyo, tumeoana," Fundi alikuwa amemwambia. "Akisema hapana, sijui, Sauti. Sijawahi kumvunjia neno yule mama hata mara moja."

Saa kumi kamili geti likalia.

Shangazi aliingia mlangoni kwa ubavu, mwanamke mnene, mchangamfu, mkoba mkubwa kwapani. Alikuwa mkunga kwa miaka arobaini na bado alitembea kama mtu aliyeitwa haraka. Fundi alikuja nyuma yake, shati jeupe limefungwa mpaka shingoni. Macho yake yalimtafuta Sauti kabla ya kumsalimia mtu mwingine, yakampata, yakatulia. Kwa kitambo hicho kidogo Sauti alisahau kiti na meza.

"Shikamoo, shangazi," alisema, akiinama pale pale alipokaa.

"Marahaba, mwana— Ee! Rudia tena!"

"Shikamoo, shangazi."

"Sauti hii naijua mimi! 'Karibu, nikuunganishe na nani?' Siyo wewe? Wodi ya wazazi nimepiga mara mia!" Akageuka kwa mpwa wake. "Na wewe umenyamaza tu! Njoo hapa, binti yangu, njoo ukae na mimi kwenye kochi nikuone vizuri."

Alipiga kiganja kwenye kochi mara mbili. Kutoka kitini hadi kwenye kochi ilikuwa hatua nne.

Mama alifungua kinywa, lakini hakuwahi.

"Mwache akae, shangazi," Fundi alisema. "Yuko vizuri pale. Mwanga wa dirisha unampendeza."

Wote wakacheka, na Shangazi akasema haya, kijana ameshakuwa mpiga picha. Sauti naye akacheka. Lakini kifuani kitu kilidondoka, kidogo na kizito, kama jiwe la mizani. *Mwache akae.* Maneno yale yalikuwa ya nyumba hii. Hakujua Fundi aliyajifunzia wapi.

Chai ikaja. Baba, aliyestaafu ukaguzi wa mizani, mtu aliyezunguka madukani maisha yake yote akikamata mawe yaliyopunguzwa uzito, alikunywa nusu kikombe kimyakimya kama kawaida yake. Kisha akakohoa, ishara kwamba atauliza swali.

"Na hicho kiwanda, kijana. Kina wafanyakazi wangapi?"

Kikombe cha Shangazi kikasimama njiani. "Kiwanda?"

"Cha viatu," Mama alisema upesi. "Binti yetu ametueleza."

Sauti alikitazama kijiko chake. Alikuwa amemwambia Mama neno lile miezi mitatu nyuma, kwa haraka, jikoni, maji ya bomba yakitiririka. *Ana kiwanda kidogo cha viatu.* Alidhani maji yatalimeza. Kumbe Mama alilichukua, akalipangusa, akampelekea Baba likiwa limepoteza hata ule udogo.

Mikono ya Fundi ilikuwa mezani. Ilikuwa mikono mizuri, yenye rangi nyeusi kwenye mikunjo ambayo ilishaishinda sabuni. Sauti aliiona ikirudi nyuma polepole, ikashuka chini ya kitambaa cha meza, ikapotea.

"Si wengi, mzee," Fundi alisema. "Bado tunaanza."

"Vizuri," Baba alisema. "Kinachoanza kidogo hupimika."

Shangazi alikirudisha kikombe kwenye sahani. Alimtazama mpwa wake, kisha akamtazama Sauti, kwa muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu. Halafu akachukua biskuti na kuanza kusimulia habari za uzazi.

Alisimulia vizuri, lazima isemwe. Alisimulia mapacha waliozaliwa kwenye lifti, na baba aliyezimia mpaka akashonwa yeye kabla ya mkewe. Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Saa kumi na moja ikapita. Chini ya meza vidole vya mguu wa kushoto, vilivyobanwa tangu saa nane, vilianza kupiga kama vina moyo wao. Kila aliposogea, maumivu yalipanda kiunoni. Alikunywa maji kidogo sana, kwa kuwa anayekunywa sana huinuka. Alitabasamu. Alikuwa hodari wa kutabasamu.

"Mimi mtoto akitoka," Shangazi alikuwa akisema, "hata kabla hajalia, mkono wangu umeshampapasa. Vidole, mikono, miguu. Vikitimia, nasema alhamdulillahi, kazi imekwisha."

"Na visipotimia?" Baba aliuliza.

"Ah, mzee, vinywaji mkononi tunaulizana hayo?"

Wakacheka. Sauti akaingiza mkono chini ya kitambaa, akafungua zipu ya buti la kushoto. Kisigino kikatoka. Lo, raha yake! Kama mtu aliyetolewa kidole kwenye mlango. Akafumba macho kidogo. Alipoyafumbua, Fundi alikuwa akimtazama. Alikuwa amesikia ile zipu. Nani mwingine angeisikia?

Basi hapo ndipo alipokosea. Mguu uliobanwa saa tatu ukiachiwa huvimba. Wageni walipoanza kukusanya mikoba, Sauti aliusukuma mguu ndani ya buti, haukuingia. Alisukuma tena. Buti likaanguka kwa ubavu chini ya meza.

"Sisi tumeona, tumeridhika," Shangazi alisema akiwa amesimama. "Nyumba yenu ina msichana mtulivu. Wa siku hizi kiti hakiwashiki dakika tano. Huyu amekaa kama malkia. Haya, malkia, nisindikize mpaka getini tuzungumze ya kike."

Chumba kizima kilisimama isipokuwa mtu mmoja.

"Mwache akae, shangazi," Fundi alisema kwa mara ya pili. "Amekuwa na kazi ya usiku. Amechoka."

Hakuwa na kazi ya usiku. Shangazi alitazama kitambaa cha meza, akamtazama Mama ambaye ghafla alipata makombo ya kuokota, akasema, "Haya." Akatoka na Baba kwenda kusubiri teksi. Mama akakimbilia jikoni na sinia, na kutoka huko ukasikika wimbo mdogo wa furaha, usio na maneno.

Fundi hakutoka. Alipiga goti kando ya kiti, akainua kitambaa, akaliokota buti.

"Amekubali," alinong'ona. Uso wake ulikuwa unang'aa kwa jasho. "Umesikia? Amekubali, Sauti. Lete mguu."

"Ulisema mwache akae."

"Nilikuona umevua kiatu. Ningefanyaje?"

"Mara ya kwanza nilikuwa sijavua."

Fundi aligeuza buti mkononi. Alitazama ndani yake, kwenye yale matabaka tisa, kana kwamba jibu alilishonea humo.

"Humjui shangazi yangu."

"Na wewe humjui baba yangu. Mbona hukumwambia ni kibanda?"

"Kiwanda nilikitoa wapi mimi?" Neno lilipanda, akalishusha. "Nimekikuta hapa, kimeshajengwa na bati limepigwa. Nani alikijenga?"

Jikoni vyombo viligongana. Sauti alijaribu kumtazama, macho yakakataa, yakabaki kwenye mikono yake.

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wangesema, basi ndiye aliyemfaa. Kilema na fundi viatu. Sufuria na kifuniko chake."

Hakuwahi kulitamka neno lile. Lilitoka jepesi, kana kwamba lilikuwa likikaa mlangoni siku zote.

"Nani angesema hivyo?" Fundi aliuliza.

Sauti alianza kumtafuta mtu huyo akilini. Alianza na wenzake wa kazini, hawakuwa wao. Akamtafuta Mama, akamtafuta jirani, akamtafuta mwalimu wa zamani. Alipita uso mmoja baada ya mwingine, na midomo yote ilikuwa imefungwa. Aliyekuwa akilisema neno lile alikuwa na sauti nzuri, ya kuvutia, sauti ambayo watu huiletea maua.

"Kwa hiyo mimi ni kifuniko," Fundi alisema. Hakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Nakupenda," alisema Sauti. "Nakupenda na naona aibu. Sijui vinakaaje pamoja, lakini vinakaa. Kila ukinitazama nafurahi, halafu nasema moyoni, huyu ana kasoro gani mpaka anitazame mimi?"

Fundi aliketi sakafuni kabisa, buti pajani.

"Unakumbuka siku ile tulipokwenda sokoni?" alisema. "Ulichoka, ukaanza kuchechemea. Mimi nikatangulia hatua mbili."

"Nakumbuka. Nilidhani umeona kitu dukani."

"Hapakuwa na duka pale."

Nje, Baba alikuwa akimweleza Shangazi jambo kuhusu teksi na uongo wa saa zake.

"Nilikuwa najisifu," Fundi aliendelea. "Kila ukipita na watu wasigeuke, nasema, kazi yangu hiyo. Nilidhani nakulinda wewe. Siku ile ndipo nilipojua kuna mtu mwingine niliyekuwa namlinda. Nikarudi kibandani nikaongeza tabaka la tisa. Yalikuwa manane. Hukuniuliza."

"Nilidhani nimenenepa."

Kicheko kilimtoka Fundi kikiwa kimevunjika, naye akacheka vilevile, na kwa dakika moja walikuwa tena chini ya lile bati lenye matundu. Kisha kikaisha.

"Shangazi yako amekubali mtu aliyekaa," Sauti alisema. "Nenda kamwite."

"Sasa hivi?"

"Teksi haijafika. Nenda."

Fundi hakusogea. Aliutazama mlango, akalitazama buti. Sauti alimsubiri. Lakini kilichomtisha si kwamba Fundi hakuinuka. Kilichomtisha ni kwamba ndani yake mwenyewe palikuwa na kitu kikiomba kwa nguvu zote: *usiende, kaa hapo hapo, teksi ifike, tuoane, niishi nimekaa.* Aliiona miaka yote iliyo mbele, vyumba vyenye meza ndefu, vitambaa virefu, yeye akiwahi kila mahali kabla ya watu, na mume mwema akisema mwache akae. Ilikuwa karibu. Alichohitaji kufanya ni kutofanya kitu.

Mama alichungulia kutoka jikoni. Alimwona mkwe wake sakafuni na buti pajani, akaelewa yote mara moja.

"Mwanangu," alisema taratibu, "mambo yameshakuwa. Kaa."

Honi ya teksi ikalia getini.

"Shangazi!"

Hakupiga kelele. Hakuhitaji. Sauti ile iliyozoea kupita kwenye nyaya ilipita dirishani, ikavuka uwanja, na ule mguu mzito wa Shangazi uliokuwa umeshaingia kwenye gari ukatoka tena.

"Shangazi, usiondoke kwanza. Nakuja."

Alilivua na buti la pili. Akashika meza, akasimama. Kisigino cha kushoto kilibaki hewani, mbali na sakafu vidole vitatu, kama siku zote chini ya mapambo yote. Mama alisogea kumshika. Alimwangalia tu, Mama akarudisha mkono. Hatua ya kulia ilikuwa nzito, ya kushoto nyepesi. Nzito, nyepesi. Nyumba ile haikuwahi kuisikia milio hiyo mbele ya mgeni. Hatua nne mpaka kwenye kochi. Sita mpaka mlangoni. Kiuno kilimuuma, na jasho lilimteremka mgongoni, na hakujisikia shujaa hata kidogo. Alijisikia kama mtu aliyevuliwa nguo barabarani.

Kutoka barazani kwenda chini kulikuwa na ngazi tatu. Alisimama juu yake.

Shangazi alikuwa amerudi mpaka katikati ya uwanja. Macho yake ya mkunga yalishuka, yakakaa kwenye kile kisigino kwa muda unaotosha kukipima, yakapanda tena. Uso wake haukusema ndiyo wala hapana.

"Nani alikwambia ukae saa zote hizo?" aliuliza.

Akamtazama Mama aliyekuwa mlangoni. Mama akainamisha kichwa. Akamtazama Baba, aliyekuwa amekamata geti kwa mikono miwili. Akamtazama mpwa wake aliyekuwa akitokea nyuma na buti mkononi.

"Nauliza. Nani?"

Ingekuwa rahisi kumtaja mmoja wao. Wote watatu walikuwa tayari kutajwa.

"Mimi, shangazi," Sauti alisema. "Hakuna aliyewahi kuniambia. Mama alikuja kuniambia, akanikuta nimeshakaa."

Dereva alipiga honi tena. Shangazi, bila kugeuka, alimwinulia mkono mmoja kumnyamazisha, na kwa ule mwingine akaushusha mkoba wake mkubwa chini, kwenye mchanga.

"Basi shuka," alisema. "Taratibu. Nakusubiri."

Ngazi tatu, na hapakuwa na kitu cha kushika. Nyuma yake alisikia buti likiwekwa sakafuni, kisha hatua za Fundi zikija, zikafika usawa wake, zikasimama. Aliinua ile mikono yake yenye rangi nyeusi, mitupu, mbele ya Baba, lakini hakumshika. Alingoja.

Sauti akashusha mguu mfupi kwanza. Fundi akashuka naye ngazi moja, bega kwa bega, na safari hii hakutangulia.